Sekunde Arobaini na Mbili

Santuri niliipata Jinja, upande wa maghala,
kwa Mukose auzaye vyuma chakavu kwa kilo.
Ilikaa kati ya pasi ya mkaa na mita ya umeme
kama mgeni aliyefika msibani akakosa kiti.
"Hiyo haina uzito," akasema. "Nipe elfu mbili ya chai, uende nayo."

Jalada la kijani, kijani cha ukuta wa zahanati.
Hapana mwimbaji, hapana uso, hapana gitaa.
Namba tu: KM 117, na muhuri wa zambarau uliofifia:
MALI YA MAKTABA YA STUDIO. SI YA KUUZWA.
Nami nimekwisha kuinunua.

Nyuma, mtu wa taipureta yenye herufi iliyoziba
ameorodhesha muziki kama mfamasia aandikavyo dozi:

    Mitambo, usiku. Sekunde hamsini.
    Chini ya darubini. Wasiwasi wa wastani.
    Barabara mpya, matumaini. Yaweza kukatwa popote.
    Friji jikoni. Uchangamfu. Arobaini na mbili.

Muziki wa kukodi, wa kusimama nyuma ya maneno ya wengine,
shemeji anayekuna nazi jikoni
wakati picha za harusi zinapigwa uani.

Nyumbani Walukuba nina gramafoni niliyoiunda mwenyewe:
mota ya feni, mkanda wa tyubu ya baiskeli.
Sindano ikagusa. Kwanza chakacha, mchanga juu ya bati,
kisha sauti zisizotoka kooni wala kwenye ngozi ya ng'ombe:
nzi ndani ya chupa,
tone linaloanguka juu badala ya chini,
waya unaofikiri.

Friji ilipofika nilicheka kwa sauti.
Tii-tu-tii, tii-tu-tii, kitu chenye miguu mifupi
kinakimbia kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Ndipo umeme ukalegea.
Bwawa liko pale, karibu nitume mtoto akaniulizie,
na bado kila jioni umeme wetu unasinzia.
Sahani ikaanza kuzunguka kwa uzito,
ikazunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Nikaacha kucheka.

Mama yuko sakafuni, kisu kimo ndani ya kiazi,
ganda refu jekundu linaning'inia, halijakatika.
Redio juu ya kabati, na kitambaa chake cha kufuma.
Ndizo. Ndizo hizi hasa zilizokuwa zikitangulia
majina ya waliokufa, saa mbili kasoro robo.
Tulizijua kuliko wimbo wa shule.
Zikianza, mwiko unasimama kwenye sufuria,
nyumba ya pili Akello anamziba mtoto mdomo.
Kisha mtangazaji, na kikohozi chake kidogo:
"... Tenywa, wa kiwanda cha shaba. Maziko kesho, Bugembe."
Ganda likakatika.

Umeme uliporudi nililisogeza jalada kwenye taa.
Pembeni, maandishi madogo kama mayai ya chawa: mwendo, 45.
Kumbe redio waliipiga kwa thelathini na tatu.
Fundi wa zamu, ambaye namjua kwa kidole tu,
aliisukuma swichi upande usio wake.
Huenda alikosea.
Huenda alitafuta rafu nzima huzuni ya kututosha
akaikosa, jinsi majina yalivyokuwa mengi mwaka ule,
akaichukua friji ya watu, akaipunguza mwendo,
akatuzikia baba zetu kwayo.

Jumapili Mama alikuja, na sikio lake moja linalosikia.
Sikumwambia neno. Niliipiga inavyotakiwa, mbio mbio,
ile furaha ya barafu na siagi.
Akasikiliza huku ameinamisha kichwa,
kidole kikifuata kitu juu ya meza, nyuma kidogo ya muziki,
kisha akasema, "Punguza."

Mkono wangu ukabaki hewani,
sijui kama alitaka sauti, au mwendo.