Kiini Kimoja

Saa nane usiku, Dundee. Mvua inachapa dirisha la ngazini.
Kabatini, kati ya ndoo na viatu vya Kabula,
seva yangu, kikopo cha pauni arobaini, inahema.
Picha elfu tisa za harusi ya Nyamizi
zinaingia kwa mwendo wa konokono aliyefiwa.
Tangu Jumanne tumekwama kwenye msafara wa magari.

Niliushuku waya kwanza. Nikanunua mwingine.
Nikaishuku diski, nikaitegea sikio:
inakoroma kidogo tu, haina kesi.
Nikaitukana kampuni ya mtandao, kwa Kinyamwezi;
maskini, haikuelewa.

Leo nimekaa ngazini na blanketi,
nasoma takwimu kama karani wa ghala la pamba.
Kichakataji: asilimia ishirini na tano.
Mbona kina nafasi tele?
Kisha nikakumbuka kugawa.
Viini ni vinne.

Vitatu vimelala.
Kimoja kiko mia kwa mia,
kinaitia kila picha kufuli, kinaifungua, kinaihakiki,
kinaifunga tena,
na vyenzake havigeuki hata ubavu.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Mama alinifundisha hilo
kichwani mwangu mwenyewe.

“Umepata ugonjwa?” Kabula, kutoka juu.
Nimepata.
Mlango ulikuwa na kufuli mbili, na ufunguo mmoja
ukikimbia huku na huku. Nimeondoa moja.

Haijawa duma. Ila namba zimepanda,
mbili, nne, sita na kitu,
na mvua ikome isikome,
kufikia asubuhi tutakuwa kwenye keki.