Mnyororo

Mnyororo ulikatika Barabara ya Kumi na Nne,
mbele ya kibanda cha Semhando, fundi baiskeli,
na kibanda kimefungwa, kufuli limening'inia,
nami nina nyumba arobaini na moja za kusoma mita
kabla ya adhuhuri.

Nikalitukana kufuli.
Nikauviringa mnyororo ndani ya gazeti,
nikaulaza kikapuni kama samaki wa kuuziwa kwa hila,
nikaanza kukokota.

Ile methali ya haraka naijua.
Kila mtu Tanga anaijua. Bosi wangu anaijua,
wala haijamzuia kupiga simu.

Miaka tisa napita Ngamiani.
Niamshe usiku wa manane nitakutajia:
kwa Mwanamvua, mita iko nyuma ya pipa, jogoo mkali;
kwa Shekalaghe, gonga mara mbili, deni la miezi mitatu.
Lakini kwa miguu,
kwa miguu mtaa ulikuwa kama mtu
uliyezoea kumpungia ukipita,
leo kakushika mkono, na hauachii.

Ukuta wa Mwanamvua umebanduka.
Chini ya kijani kuna bluu,
chini ya bluu pinki iliyopauka,
chini ya pinki chokaa, kisha jiwe la matumbawe
lenye vitundu ambamo zamani vilikaa viumbe.
Nikagusa. Nikauliza hewani:
Hii pinki ni ya lini?

"Ya harusi yangu," sauti ikatoka jikoni
bila kuuliza mimi ni nani.

Na bluu?

"Ya alipoondoka."

Na kijani?

"Aa, hicho kilikuwa rahisi dukani."
Akacheka, na iliki ikatoka pamoja na kicheko,
mkate wa sinia ukiwa umebanwa,
makaa juu, makaa chini.

Kizingiti cha pili, mtoto anamfundisha mdogo wake mluzi.
Mdogo hana meno ya mbele. Anatoa upepo mtupu.
"Tena," anaambiwa. Upepo. "Tena."
Nilisimama hadi upepo wa kumi na tatu,
na nakuapia, ule wa kumi na tatu
ulikuwa na kitu ndani yake.

Kwa Shekalaghe nikapiga magoti,
nikafuta kioo cha mita kwa kidole gumba.
Tarakimu nazijua; ndizo mshahara wangu.
Ila pale kando kuna kigurudumu chekundu,
kidogo kama punje ya komamanga,
ambacho hakuna fomu inayokiuliza.
Kilikuwa kinazunguka.
Pole, pole, kisha mbio, kisha pole:
ng'ambo ya ukuta mtu anaosha mchele,
anamwaga, anajaza, anamwaga.
Nikamsikia humo ndani ya kioo
kama daktari asikiavyo kifua.

Kisha kikasita.

Bomba limefungwa ili redio isikike.
Matangazo ya vifo. Ukoo wa Semhando,
wa Pande na wa Muheza, wanasikitika;
mazishi saa kumi, Makorora.

Nikalikumbuka kufuli.
Nikavua kofia, nimepiga magoti
mbele ya mita ya maji,
na yule jogoo wa jirani akinitazama
kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

Punje nyekundu ikaanza tena. Lazima watu wale.

Nikaandika: 00714.
Na kwenye safu ya maelezo,
ambamo kwa miaka tisa nimeandika
"imevuja", "mlango umefungwa", "mteja mkaidi",
nikaandika, kwa mwandiko ambao sikuujua:
*pinki ipo chini ya bluu.*

Simu ikalia.
"Uko nyumba ya ngapi?"
Ya pili.
"Ya pili! Umepatwa na nini?"

Nikatazama kikapuni. Grisi ilikuwa imelowa gazeti,
imefanya habari zote za jana ziwe wazi kama kioo,
unaona ukurasa wa nyuma kupitia wa mbele.

Mnyororo, nikamwambia.
Umekatika.