Mwezi wa Kumi na Tatu

Soko la Soroti, Julai. Machungwa
yamefika kabla ya jua, kwa pikipiki, kichwani,
kwa trekta la kukopa lenye gurudumu bovu.
Amulen anapanga mafungu: matano kwa elfu moja.
Saa nne anaongeza la sita.
Saa saba fungu ni kumi, na bado wateja wanapita
wakitazama juu, kama watu wenye miti nyumbani.
Wana miti nyumbani.

Mimi ndiye niliyeigawa.
Mwaka ule lori la wizara lilimwaga miche shuleni Arapai,
aina moja, rika moja, ya bure,
nami nikaita majina hadi sauti ikakauka.
Miti ni mitiifu: ilipandwa pamoja, inazaa pamoja.

Machi iliyopita chungwa moja lilifika elfu,
na Amulen hakuwa nalo hata la kunusa.

Leo nimerudi na fomu.
Swali la tisa: Mkulima anahitaji nini?
Majibu yapo tayari, visanduku vya kutia alama:
mbolea, mkopo, mafunzo, soko.
Anamenya moja, ganda likishuka kama utepe usiokatika,
ananipa nusu.
Nyuki wametua kwenye rundo lililolainika.

"Andika," anasema, "mwezi wa kumi na tatu,
usio na chungwa la jirani."

Hakuna kisanduku hicho.
Nikaandika pembeni, karatasi ikinata vidoleni,
na Amulen akanifungia mengine saba,
bure, kama miche.