Kabla ya Kufunga Kichwa

Cherutich, mwezi mwandamo umechorwa
juu ya pistoni yako ya tatu.
Shika kurunzi, tazama.
Hapo valvu ilichelewa kurudi nyumbani
ikamkuta mwenye nyumba mlangoni.

Unasema springi zilikuwa mbovu.
Labda. Nilizipima jana,
mbili zimelegea.
Lakini mimi naujua mteremko wa Menengai,
kona ile ya mawe meusi,
na naujua mkono wa kushoto unaotafuta gia ya nne
ukaangukia ya pili.
Sikuulizi. Pistoni imekwisha kusema.

Haya, orodha yako.
Kemshafti ya mashindano, nundu kama za fahali;
valvu pana; vikombe vya springi vya titaniamu.
Titaniamu umeipigia mstari mara mbili, kwa kalamu nyekundu.
Bei yake ni ng'ombe wa maziwa na ndama wake,
na Mwaniki wa matairi hujamlipa bado.

Ngoja.
Nundu ndefu huinua valvu kupita kiasi,
springi ikabanwa hadi pete zake zikagusana,
chuma juu ya chuma,
pa kwenda hapana ila kuvunjika.
Springi ngumu mno nayo huitafuna nundu
polepole, mchwa wa darini.
Laini mno, valvu huelea:
kitambo kidogo kisicho na mwenyewe,
na pistoni iko njiani, haijui kusubiri.

Kwa hiyo mimi huanza na kitu kidogo.
Hivi hapa, nusu na nusu,
vinavyoikaba shingo ya valvu.
Kiganjani havizidi punje za mahindi.
Kamba hukatikia pembamba.
Jozi kumi na sita, vipya vyote,
na hapa sitaki ubishi.

Springi ya nje na ya ndani kwa kila valvu,
zimesokotwa kinyume zisije zikaumana.
Vikombe vya chuma chepesi vinatosha.
Kemshafti, ile ya pili katika katalogi, si ya nne.
Hewa ya Nakuru ni nyembamba;
injini hapa hunywa kikombe hata ukiipa ndoo,
na mdomo mpana hauongezi uji.
Itavuta kuanzia elfu tatu na nusu,
ikome elfu saba na mia mbili.
Nimepachora mahali hapo kwenye geji
kwa rangi ya kucha ya dada yangu.

Ulikunja uso. Ukalipa nusu.

Siku nne nikapima nafasi,
nikasukuma ubati mwembamba chini ya nundu,
ukipita kwa ulaini nakataa,
ukikwama nakataa,
hadi upite kama barua chini ya mlango.
Usiku vidole vyangu viliendelea kupima shuka.

Jumapili nilikuwa naanika nguo, mtaa wa Kiti.
Sauti ikapanda kutoka upande wa kreta,
elfu tano,
sita,
kibanio mdomoni nikahesabu,
saba na kitu,
nikauma kibanio.
Kimya kifupi cha klachi.
Kisha gia ya nne. Ya nne kweli.

Nikaning'iniza shati.
Nusu iliyobaki, Cherutich,
naingoja Jumatatu.