Thumni Tano

Shuleni hesabu za sehemu zilinitoa jasho.
Mwalimu alichora keki ubaoni, akaikata,
akauliza nani kapata kubwa zaidi.
Mimi niliona vumbi la chaki tu.

Kwa Bi Mererid hapakuwa na keki.
Palikuwa na meza ndefu iliyoparuzwa na pini,
mkasi mzito uliotafuna sufu krr, krr,
na utepe wa manjano uliochakaa mwanzoni
hata inchi ya kwanza ikafutika.
"Ukikata, anzia penye moja," alisema,
"na mwishoni uongeze moja."
Nilisahau kuongeza siku moja tu.
Jumapili mhubiri akapanda mimbarini,
mkono wa koti umemkimbia kifundo inchi nzima,
na kila alipouinua kuomba
kanisa lote lilinipimia kosa langu.

Jumatatu alinikatia karatasi ya inchi moja.
Ikunje: nusu.
Ikunje tena: robo.
Tena. Ikawa nene, ikagoma, nikaibana kwa meno.
"Hiyo ndiyo thumni. Usiidharau.
Thumni ikizidi kwenye kila mshono, na mishono ni minane,
mwenye nguo atadhani amekonda."

Huko Wales kaskazini, mji wetu uliishi kwa machimbo.
Wanaume walipasua mlima kuwa mawe bapa ya kuezekea
paa za watu wa mbali,
nasi mvua ilitupata vilevile.
Rafuni palikuwa na daftari jeusi,
na ndani yake hapakuwa na mtu aliye sawa pande mbili.
Tegwen wa posta: bega la kulia chini robo, sababu mfuko.
Muuza nyama: kiuno kimeongezeka robo tatu, asiambiwe.
Idwal: mguu wa kushoto, toa thumni tano.

Jiwe lilimwangukia ana miaka kumi na tisa.
Alichechemea, ndiyo, nani asiyejua,
lakini pindo za suruali yake
zilibusu viatu vyote viwili mahali pamoja.
Hilo lilikuwa kati yake na Bi Mererid,
na mimi niliyeshika chaki.

Mwezi wa pili, Nesta mkewe akaja
na kitambaa cheusi, yadi tatu kasorobo,
kimelowa pembeni.
"Miguu ikate sawa," alisema.
"Hatembei tena. Miaka thelathini na moja
amekuwa pungufu. Azikwe mzima."

Kulia, ishirini na tisa na nusu.
Kushoto, nikaanza kimoyomoyo, mazoea tu:
nusu ni thumni nne, haitoi tano,
azima inchi, ivunje, nane na nne kumi na mbili,
toa tano, zabaki saba.
Ishirini na nane na thumni saba.
Hesabu iliyonichapisha viboko shuleni
ilinitoka kama jina langu.

Bi Mererid akatikisa kichwa.
Akachora ishirini na tisa na nusu, mara mbili.
Akakata mara mbili.

Usiku, pasi ikipoa, nikamwona
ameikunja kushoto kwa ndani, thumni tano,
anaipiga bandi kwa uzi mweupe.
"Jenezani nani ataona?" nikauliza.
"Nesta ameomba sawa, nimekata sawa.
Lakini mguu ni wa Idwal."
Akanionyesha mwisho wa uzi.
Hakuufunga fundo.
"Akiutaka usawa wenyewe, atauvuta."

Asubuhi Nesta akaja kuichukua.
Alipitisha kidole gumba ndani ya pindo, polepole,
kulia kwanza, kisha kushoto,
na kushoto kidole kikasimama.
Bi Mererid alikuwa anahesabu vifungo
ambavyo tayari alikwisha kuvihesabu.

Nesta akaikunja suruali,
akaweka shilingi zake mezani, moja moja,
akatoka mvuani bila kungoja chenji.