Vioo Viwili

Akureyri, saa nne asubuhi, na kungali giza.
Nta imeganda mezani, theluji imeganda dirishani.
Kioo cha kwanza ni cha Steinvör, fundi wa piano.
Cha pili ni cha Hallgrímur, mfuga kondoo wa bondeni,
kaka yake, tumbo moja.

Naanza na dada.
Zambarau imeshika viini, waridi imechukua mengineyo,
na baina ya nyuzi seli zinapita
moja
nyuma ya moja,
hazishikani, gundi yao imepotea,
kama waumini waliochelewa ibada
wakipapasa viti kwa aibu.
Donge hakuna. Ndiyo sababu vidole vyake,
vinavyotambua waya uliolegea kwa upana wa unywele,
havikutambua kitu.

Kaka hana vishada vya kutunga maziwa.
Ziwa la mwanamume ni vifereji vitupu,
mitaro iliyochimbwa, maji yasiletwe.
Humo saratani yake imejenga:
mafundo, vijumba vyenye tundu katikati,
vinavyojaribu kuwa vifereji, vikasahau njiani.
Nahesabu seli zinazogawanyika,
kromosomu zimevutwa huku na huku kama sufi kwenye chanuo.
Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Daraja la pili, naandika,
kisha nahesabu tena.

Wahenga walimsema mficha maradhi.
Huyu aliyaficha miezi kumi na minne ndani ya sweta,
chuchu ikizama kama kifungo kilichoshonwa kwa hasira.
Fomu ya kliniki ilimwita Bibi.
Alilikata neno kwa kalamu hadi karatasi ikatoboka.
Tundu nimeliona; limo jaladani.

Alasiri, giza limekwisha kurudi,
vinaletwa vioo vipya vyenye rangi nyingine,
ile inayosaka vipokezi vya homoni
tuliyozoea kuiita ya kike.
Viini vimegeuka hudhurungi kwa dada,
hudhurungi kwa kaka,
kahawa ya birika moja.
Óttarr, mgeni wa kazi, anainama kuchungulia.
Naziba lebo kwa kidole gumba: mwanamume ni yupi?
Anataja. Anakosea.
Anacheka, halafu hacheki.

Ripoti mbili haziruhusiwi bahasha moja.
Nafunga ya kwanza, nafunga ya pili.
Muuguzi anasema wameomba miadi ya siku moja:
gari wanalo moja,
na njia ya mlimani hufungwa na theluji bila taarifa.