Hatua Ishirini kwa Ishirini

Mimi ni mtoto wa kati.
Kaka alipewa kihamba cha juu,
kitinda mimba akabaki na nyumba ya mama,
na makaburi, na migomba inayoyafunika.
Mimi nilipewa baraka, na nauli ya kushuka Moshi.

Nilinunua Januari, nyasi zimekauka kama ufagio.
Dalali alipima kwa miguu,
nami nikashukuru urefu wa miguu yake.
"Huku karibu na Rau udongo laini," alisema,
"jembe lenyewe linacheka."
Sikuuliza kwa nini ni laini.
Sikuuliza matete yale yanakunywa wapi.

Tripu saba za kifusi:
vigae, soli ya kiatu, mkono wa mwanasesere.
Kila lori lilipoinua mgongo vyura walinyamaza,
kisha mmoja akaanza tena, upande wa pili,
kama mtu anayedai chenji yake.

Aprili, maji yakaja bila hodi.
Nani hubisha hodi kwake?
Yakapanda kozi ya kwanza,
yakaingia pale nilipopanga kuweka kitanda.
Fundi Eliapenda akavua viatu.
"Tuongeze kozi nne."
"Na maji je?"
"Yataenda kwa jirani."

Jirani ni Mama Aikande.
Ukutani kwake kuna X nyekundu,
na chini ya X ameanika nepi za mjukuu.

Basi tulikaa wanne juu ya matofali,
tukachora ardhini kwa msumari:
ghorofa moja, kule kwenye mwinuko,
tuishi mmoja juu ya mwingine,
huku chini tuyaachie matete,
yafike hadi kwenye kivuli cha mivule.
Nani atakaa chini? Hati itaandikwa jina la nani?
Na kuku wangu?
Mmoja aliinuka, akajipangusa vumbi.
Jana usiku nimesikia lori lake.

Tripu yangu ya nane nimeirudisha.
Dereva alicheka; hela ya mafuta hakurudisha.

Nalala chumba cha kupanga, Majengo,
nasikiliza mvua ikigonga bati la mwenye nyumba.
Ile ya mlimani iko njiani, inashuka gizani,
imepita vihamba vyote, hakuna aliyeikaribisha.
Nayo ni ya kati.
Inatafuta hatua zake ishirini.